Kadi Zilizoalika Nyumba Nzima

Niseme mapema, nisije nikaonekana najificha: kosa lilikuwa langu. Na kadi zile ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Yote mawili ni kweli, na anayetaka kunisikiliza ayachukue yote mawili.

Nina chumba kimoja Kijenge, mtaa wa mjini chini ya Mlima Meru, chenye kompyuta, printa mbili ambazo moja huwa inaumwa, meza ya kukatia karatasi, na mkasi ambao simwazimi mtu hata akipiga magoti. Natengeneza kadi za mchango, kadi za mwaliko, ratiba za ibada, kadi za meza na kadi za shukrani. Kwa miaka mingi nilikuwa naandika sentensi ileile: familia ya Bwana na Bibi fulani inayo furaha kubwa kukualika wewe na kadhalika, na kadhalika. Ningeweza kuiandika nimelala. Juu unaweka mawaridi ambayo hayaoti kwa mtu yeyote ninayemjua, pembeni utepe wa dhahabu, na kwenye kona ya chini unaandika singo au dabo. Singo maana yake uje peke yako. Dabo, uje na mwenzako. Mlangoni kwenye ukumbi anasimama mjumbe wa kamati anaiangalia hiyo kona kabla hajakuangalia usoni.

Kona ile naichukia tangu zamani. Unamwambia mtu kwa maneno matamu kwamba unampenda, halafu hapohapo unampimia. Lakini kazi ni kazi, nikawa naiandika.

Halafu akaja binti mmoja anayefanya kazi kwenye duka la dawa Themi. Alikuja saa ya chakula cha mchana, bado amevaa koti lake jeupe, akafunua albamu yangu ya sampuli ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nasubiri sifa. Alipofika mwisho akaifunga.

"Dada, samahani," akasema, "hizi zote zinaongea kama mkuu wa wilaya."

Ningeweza kukasirika, maana mimi hasira ninazo karibu. Nikacheka mpaka nikakaa. Nikampenda palepale, kwa sababu alikuwa amesema jambo ambalo nilikuwa nalo kifuani miaka yote.

Alikuwa anaolewa na kijana wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima. Kadi alizotaka zilikuwa za sendofu, ile sherehe ya kwao ya kumuaga kabla ya harusi, na hakutaka ukumbi. Alitaka ifanyike nyumbani kwa mama yake, kwenye mteremko wa Meru, katikati ya migomba na kahawa. "Nataka mtu akiisoma kadi asikie mama anamwita," akasema. "Basi. Hicho tu."

Mimi nina utaratibu wangu: siandiki mpaka nimesikia. Nikamwambia basi lazima nimsikie huyo mama. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukapanda naye mpaka kwao.

Mama alikuwa mjane. Mumewe alifariki binti akiwa darasa la tatu, na tangu hapo kahawa, ndizi na ng'ombe wawili wa maziwa vimekuwa juu yake peke yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia miguuni, akaona viatu vyangu vya mjini vilivyojaa tope, akaniletea kandambili kabla hajaniuliza habari. Huyo ndiye mama mwenyewe. Binti aliniambia kwamba hakuna shughuli katika vitongoji vile, iwe msiba au ndoa, ambayo mama yake hakuitwa siku mbili kabla kumenya ndizi. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kuwa na shughuli ya furaha kwake. Binti ni huyo mmoja, na siku ni hiyo moja.

Nikamuuliza, "Mama, ukimwita jirani aje kula kwako, unasemaje?"

Akashangaa kidogo. Halafu akainuka, akaenda mpaka mwisho wa ua, akaita kwa sauti kana kwamba jirani yuko ng'ambo ya migomba. Aliita kwanza kwa Kimeru, kisha akageuka akaniambia kwa Kiswahili. Nilirekodi kwenye simu. Niliyoyaandika kwenye kadi ni maneno yake, mimi nimeyapangusa tu vumbi:

*Binti yetu anaondoka nyumbani. Kabla hajaondoka, tunakula pamoja. Njoo Jumamosi saa saba mchana. Vaa viatu vya kukanyaga udongo. Mvua ikinyesha, njoo hivyohivyo. Mimi, mama yake.*

Nilichukua karatasi ya rangi ya kaki, ngumu, isiyong'aa. Juu nikachora kwa mkono nyumba yenyewe, bati lake lenye kutu upande mmoja, mgomba ulioinamia dirisha, na ng'ombe anachungulia. Sikuweka utepe wala waridi. Nilipochapa ya kwanza nikaishika kwa vidole viwili nikaiinua kwenye mwanga, na sitadanganya, nilijisikia mtu mkubwa. Nilimwonyesha kila aliyeingia dukani siku ile, hadi aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho.

Yakabaki majina ya bahasha. Mama hakuwa na orodha ya watu. Alikaa kwenye kigoda akaanza kutaja: nyumba ya seremala, nyumba ya mama mwenye ng'ombe wa madoa, nyumba ya mwalimu mstaafu wa kwaya, nyumba za wale wa juu ya mfereji. Binti akawa ananiambia jina la ukoo la kila mmoja, nami nikaandika kwa mwandiko wangu wa mkono, kwa wino wa kahawia, *Nyumba ya* fulani, bahasha mia moja na ishirini. Na ile kona ya singo na dabo nikaiacha tupu. Nilimuuliza binti, akasema mama anawajua anaowaita. Nikafurahi kama mtu aliyetolewa msumari kwenye kiatu.

Sasa mimi nimezaliwa Lemara, mjini hukuhuku. Mlima Meru nimeutazama maisha yangu yote nikianika nguo, lakini kuutazama mlima na kuishi juu yake ni mambo mawili. Kamati ya sherehe ilikuwa imepanga kadi mia moja na ishirini, kila kadi watu wawili, sahani mia mbili na arobaini. Ndivyo tunavyohesabu mjini, na mimi sikuona tatizo. Kadi zikapelekwa.

Jumatatu moja asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, akaingia dukani mjomba wa binti. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, mtu wa suti hata siku ya kawaida. Alikuwa ameshika bahasha yangu.

"Dada, umetumaliza," akasema.

"Shikamoo, mjomba. Nimefanya nini?"

Hakuitikia hata hiyo shikamoo. Akaniambia kwamba jana yake, baada ya ibada kule mlimani, mzee mmoja alimshika mkono wake kwa mikono miwili akamshukuru, kwamba kwake wamealikwa wote kumi na mmoja, hadi mtoto aliyezaliwa juzi. Mjomba akadhani mzee anatania. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kumbe kule, bahasha ikiandikwa nyumba ya fulani, na ndani hakuna singo wala dabo, basi imeitwa nyumba: baba, mama, watoto, wakwe, bibi wa chumba cha nyuma na mgeni aliyelala jana. Hakuna mtu wa kule ambaye angeisoma vingine.

"Piga hesabu," akasema. "Watu sita, watu saba kila nyumba. Na chakula ni cha watu mia mbili na arobaini. Dada yangu ni mjane. Watu wakiondoka kwake na njaa, atajificha wapi?"

Nilisimama pale naangalia mwandiko wangu mzuri wa kahawia nikauona kama wa adui. Nilimwambia nitarekebisha. Mchana huohuo nikaenda kwa fundi mihuri nikachongesha muhuri: WATU WAWILI TU. Mpango ulikuwa nipande mlimani, nipite nyumba kwa nyumba na mama mwenyewe, aombe radhi, nami nigonge muhuri kwenye kila kadi. Nilipoujaribu kwenye kadi moja iliyobaki, maneno yakaangukia kwenye paa la nyumba niliyoichora. Ilikuwa kama kumpaka mtoto masizi usoni siku ya ubatizo. Lakini kosa ni langu, nikaubeba.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifunga kanga kiunoni akasema twende.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya seremala. Yeye na mkewe ni wazee sana. Nilipoingia niliiona kadi yangu ukutani, juu ya redio, imepigiliwa kwa misumari minne midogo kwenye fremu ambayo mzee aliichonga mwenyewe. Nimetengeneza kadi maelfu. Sikuwahi kuona hata moja imewekewa fremu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeshika muhuri.

Yule bibi akatukaribisha, akatupa maziwa. Akamwambia mama, "Zile kadi za mjini zikija hapa huwa tunagombana. Zinaita mmoja au wawili, wengine wanabaki wanachungulia njiani. Safari hii hatujagombana. Mkwe wangu ameshafua nguo za watoto."

Mama akaitazama ile kadi ukutani. Kisha akasema, "Tulikuwa tunapita, tukaona tuwasalimu."

Nikadhani ameogopa kwa wazee, kwamba nyumba ya pili atasema. Nyumba ya pili wakatuonyesha gauni. Ya tatu wakatuambia mtoto wao wa Moshi ameomba ruhusa kazini. Kote tulipita tukasalimu, tukanywa maziwa, tukatoka. Kwenye njia ya kwenda ya nne nikashindwa kuvumilia.

"Mama, lazima useme. Chakula hakitatosha."

Akasimama.

"Unafikiri siogopi?" akasema. "Naogopa, mwanangu. Mtu akitoka kwangu na njaa, njia hii ya kanisani siipiti tena. Nitazunguka kule chini mpaka nife. Lakini yule bibi nimwambie nini? Kwamba nimekuita, sasa rudisha watoto wako? Siwezi. Mdomo wangu hauwezi."

"Basi tufanyeje?"

"Huo muhuri wako ubaki mkobani. Nimewaita. Waje."

Tukarudi. Hatukugonga muhuri hata mmoja. Mjomba alipopata habari alinipigia simu, na maneno aliyoniambia siyaandiki hapa, kwa heshima ya suti yake. Kamati iliongeza mchele na mbuzi wawili, na mwisho wa uwezo wao ukawa hapo. Mimi sikulala vizuri wiki ile yote.

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, nikapanda tena, nimebeba kadi za meza. Sikutaka namba, kwa hiyo kila meza niliipa mchoro: ng'ombe, jembe, mkungu wa ndizi, ndoo ya maziwa, tunda la kahawa. Nilidhani nitamkuta mama peke yake na wasiwasi wake. Nilikuta wanawake wamejaa uani, visu mkononi, wanamenya. Hakuna aliyewaita. Nikaomba kisu nami nimenye, wakanicheka namna ninavyokishika, utomvu ukanipaka vidole vyote weusi, mmoja akaniuliza kwetu tunakula ndizi na maganda yake? Mama alikuwa anajaribu kuchukua kisu kila dakika tano, nao wanampokonya. "Leo zamu yako kukaa," wakamwambia. Hakujua akae vipi.

Jumamosi saa saba walianza kuja. Walikuja kwa nyumba, kama walivyoitwa: baba mbele, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, bibi ameshikwa mkono. Viti viliisha saa nane kasoro. Mabenchi ya kanisa yakaisha. Kadi zangu za meza zilizua ubishi, kwa sababu kila mtu alitaka kukaa kwenye ng'ombe na hakuna aliyetaka jembe. Wazee watatu walisema jembe wanalijua vya kutosha. Upande wa bwana harusi ukaingia, nao hawakuwa wachache. Mjomba alikuwa amesimama karibu na meza ya chakula, ameshika karatasi yake ya hesabu, jasho linamtoka. Mimi nilijificha nyuma ya jiko, nahesabu sahani zinazotoka.

Pilau ikaisha. Niliona mwiko unakwangua chini ya sufuria la mwisho, na nje bado watu wengi hawajapata. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa kwenye kiti chake pembeni ya binti yake, mgongo umenyooka, ameona. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na wino wangu wa kahawia.

Ndipo yule mkwe wa seremala akaja nyuma ya jiko na sufuria kubwa, limefunikwa kwa jani la mgomba. Ndani kulikuwa na machalari, ndizi na nyama, bado moto. Nyuma yake mwanamke mwingine na ndoo ya loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando. Nyuma yake mwingine. Walikuwa wamevificha chini ya migomba tangu wafike, kila nyumba na chombo chake, wanasubiri chakula cha mwenye shughuli kiishe kwanza ili wasimwaibishe kwa kutoa chao mapema.

Nilimuuliza yule mkwe, "Mlijuaje?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili nzuri. "Tujue nini? Mmeita nyumba nzima. Nyumba nzima inakujaje mikono mitupu? Ungeniita mimi peke yangu, ningekuja na mkoba wangu tu."

Watu wakala. Wale wa magharibi walipoonja ile loshoro wakaanza kubishana na wa huku ni ya nani tamu zaidi, ya Kiarusha au ya Kimeru, na ubishi huo ukawafanya waongeze sahani. Mjomba aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni, akala mara mbili, akaja nyuma ya jiko akasimama karibu nami. "Ile shikamoo ya siku ile," akasema, "marahaba." Kwa mtu kama yeye, hilo ni azimio la kamati.

Mama akainuka. Safari hii hakuna aliyemrudisha kwenye kiti. Alipita meza kwa meza, kisha kwa waliokaa kwenye nyasi, kisha kwa waliosimama kando ya migomba, anauliza kila mmoja kama amekula. Aliwagusa watoto matumbo. Nilikuwa namfuata kwa macho, na nilijivuna, niseme wazi, nilijivunia kosa langu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya kwa usahihi. Mwisho akafika nyuma ya jiko, kwangu.

"Na wewe umekula?"

"Nimekula, mama."

Alinitazama, akajua. Akachukua sahani, akaenda mwenyewe kwenye masufuria, akapakua kidogo hapa na kidogo pale, kutoka vyombo vya nyumba nne au tano, akaja akaniwekea mapajani.

"Watu wote hawa," akasema, "mwandiko wako ndio umewaleta kwangu. Hakuna aliyetoka na njaa. Usiwe wa kwanza."

Nikala, na yeye akasimama pale mpaka nikamaliza.